Uzi Mweupe Ndani ya Kola

Kambi ya Mtoni
12 Machi 2023

Dada Adila,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha matope. Simu walitukusanyia siku ile ile tuliyoshuka kwenye helikopta, wanasema adui anaweza kuifuata simu mpaka ulipolala. Kwa hiyo mpaka nirudi nyumbani, mimi na wewe ni karatasi na kalamu. Mwambie mama sijapotea. Na ukumbuke kuwa barua zinasomwa na afisa kabla hazijatufikia, usije ukaniandikia habari za posa yangu kambi nzima ikacheka.

Sasa sikia. Juzi tumegawiwa magwanda mapya. Mtu wa stoo akasema, "Haya yametoka kituo cha utafiti Mapinga, yametiwa dawa. Mbu akitua juu yako anaanguka." Nikasimama mbele ya platuni nzima nikasema, "Hayo kayatengeneza dada yangu!" Hawakuniamini mpaka nilipowatajia jina lako na jinsi unavyoingiza mkono kwenye kizimba cha mbu ili kupima kitambaa. Mtoro, yule rafiki yangu wa Msata, akainua mkono kama yuko darasani: "Kama fundi ni dada yako, muulize mbona langu linanibana kwapani." Watu walicheka mpaka sajenti akatufukuza.

Mafuta ya kupaka tuliyokuwa nayo yamerudishwa stoo. Tumeambiwa hayahitajiki tena, gwanda linatosha. Hakuna aliyesikitika, yale mafuta ukitoka jasho yanaingia machoni kama pilipili. Sisi wa mtoni tumepewa yenye uzi mweupe ndani ya kola, wenzetu wa mlimani wana uzi wa buluu. Mtoro anasema uzi mweupe ndiyo daraja la kwanza, tumependelewa kwa ajili yangu.

Nilikuona ukisoma kwa taa ya chemli watu wakisema mtoto wa kike anapoteza macho bure. Leo askari wanavaa kazi ya mikono yako. Nimejisikia vizuri sana, dada.

Mdogo wako,
Yunus


Mapinga
27 Machi 2023

Dokta Haidar,

Assalam alaykum. Tangu uende mkutanoni simu yako haipokelewi, ndiyo maana nimempa dereva barua hii akuletee mkononi.

Nimepata barua ya ndugu yangu Yunus. Kumbe yumo katika platuni ya mtoni. Tulipopiga kura kuamua platuni ipi ipewe magwanda yapi, sikulijua hilo. Wao ndio waliopata magwanda ya uzi mweupe, yaani matupu, yasiyotiwa dawa, ili tuwalinganishe na wale wa uzi wa buluu. Kulinganisha nakuelewa, bila hivyo hakuna utafiti. Lakini tulikubaliana ofisini kwako kwamba askari wote wataelezwa kuwa kuna magwanda yenye dawa na yasiyo na dawa, na kwamba kila mmoja ataendelea kujikinga kama kawaida.

Wameambiwa kinyume. Wote wanaamini wamevaa dawa. Hata mafuta ya kupaka wamenyang'anywa.

Naomba upeleke neno kambini haraka. Usipopeleka wewe, nitamwandikia ndugu yangu mwenyewe.

Adila Bwanaheri


Dodoma
30 Machi 2023

Binti yangu Adila,

Waalaykum salaam. Nimekusoma, na uchungu wa dada nauelewa.

Mafuta niliyasitisha mimi. Wakiendelea kuyapaka, mwisho wa kazi hatutajua kilichomzuia mbu ni mafuta au ni kitambaa. Na wakijua kuna magwanda matupu, watabadilishana, watanunuliana, na kazi yetu yote itaharibika. Hao si watoto. Wana vyandarua, wana vidonge, wana daktari. Hakuna atakayekufa.

Ukimwandikia nduguyo, barua itafunguliwa na itajulikana imetoka kwako. Fikiri mwenyewe kitakachofuata. Mimi nilikuwa nikipanga kitu kingine kabisa: ripoti hii itakapotoka, jina la kwanza liwe la kwako, si langu. Dawa na namna ya kuishikisha kwenye uzi ni kazi yako, na ni haki yako.

Suala la kuwaarifu askari niachie mimi. Nitalifanya kwa wakati wake.

Dkt. Haidar


Bagamoyo
4 Aprili 2023

Mdogo wangu Yunus,

Marahaba. Barua yako nimemsomea mama, akataka nirudie pale penye sajenti. Amecheka, kisha akalia kidogo, unamjua. Ramadhani inakwenda vizuri, juzi tumefuturu kwa muhogo wa nazi na samaki wa Mbegani, mama akakuwekea sahani yako kama kawaida yake halafu akampa jirani.

Nimefurahi magwanda yamefika. Mwambie Mtoro aende kwa fundi aliye karibu naye, kwapa si fani yangu. Utafiti bado unaendelea, kwa hiyo siwezi kusema mengi.

Mama anasema usiache kulala ndani ya chandarua hata kama kuna joto. Anasema pia umeze vidonge vyako, na mikono ya shati usiikunje jioni. Amesisitiza sana. Naomba umsikilize mama.

Mungu akulinde.

Dada yako,
Adila


Kambi ya Mtoni
21 Mei 2023

Dada,

Shikamoo. Eid ilitukuta kwenye doria, tukaswali barabarani bunduki zimelazwa mbele yetu. Mwambie mama nimesikia. Nimewasomea wenzangu maagizo yake, sasa kila nikikunja mikono ya shati kuna mjinga mmoja anapiga kelele, "Mama anasema!" Lakini dada, mama hajui huku kukoje. Chandarua kinakaa kambini, na sisi wiki nzima tunalala kwenye mahandaki kando ya mto. Vidonge vinatuvuruga tumbo, wengi wameviacha. Tunasema gwanda lipo.

Kusema kweli mbu bado wanauma. Nilimwambia mtu wa stoo, akajibu dawa huchukua muda kukolea. Ni kweli? Watu wetu kadhaa wameugua homa, ila sisi tunayashuku maji.

Habari njema ni kwamba mke wa Mtoro, Mwanvita, amejifungua mtoto wa kike. Mtoro amepata habari kwa redio ya kambi, akazunguka hema kwa hema akipeana mikono kama mgombea. Anakuomba umkatie mtoto kigwanda kidogo kutoka kitambaa hicho hicho, anasema Msata nako kuna mbu. Mimi nimemwambia dada yangu hashindwi.

Yunus


Kambi ya Mtoni
3 Julai 2023

Dada,

Mtoro amefariki.

Homa ilimshika akiwa lindo. Akasema ni uchovu, akamaliza zamu yake. Kesho yake alikuwa ananiita jina la kaka yake na kuniuliza kama basi la Segera limepita. Daktari akasema malaria imempanda kichwani, hapa haitibiki, apelekwe mjini. Mvua ilikuwa haikati na helikopta haikuweza kutua. Tulimfunika kwa makoti yetu yote na bado alitetemeka. Alifia mikononi mwangu, dada, nikiwa namdanganya kwamba nasikia mlio wa helikopta.

Mwili unaletwa nyumbani. Nakuomba uende Msata kwa niaba yangu. Kaa na Mwanvita. Mwambie alikuwa mtu wetu wa kutuchekesha na hatucheki tena.

Jambo moja. Usije ukajilaumu. Najua utafikiri gwanda lako limemwangusha. Nimewaambia wenzangu na nakwambia na wewe: hakuna dawa inayomsaidia kila mtu. Ulifanya ulichoweza.

Yunus


Bagamoyo
25 Julai 2023

Mdogo wangu,

Nilikwenda Msata. Watu walikuwa wengi, mpaka madereva wa malori waliegesha njia panda wakaja kuzika, kumbe kila apitaye pale alimjua Mtoro tangu akiuza machungwa madirishani. Nilikaa ndani na wanawake. Mwanvita hakuwa analia. Nilipomwambia mimi ni dada yako, alinishika mkono na hakuuachia mpaka jeneza lilipotoka. Aliniambia, "Alinieleza kwa barua. Wewe ndiye uliyewashonea nguo za kinga. Mungu akulipe kheri."

Nilimshika mtoto. Anafanana na baba yake, hasa paji la uso.

Sina maneno zaidi, Yunus. Barua yako ya kunifariji naiweka chini ya mto na siwezi kuilalia. Rudi salama. Lala ndani ya chandarua, hata huko kwenye mahandaki kitundike kwenye matawi, nakuomba. Nakuomba mimi.

Adila


Kambi ya Mtoni
9 Septemba 2023

Adila,

Wamekuja watu kutoka kituo chenu kututoa damu. Mmoja ni muuguzi anaitwa Mina, mchangamfu. Akiwa anatafuta mshipa wangu akaangalia kola, akasema, "Aa, uzi mweupe. Nyinyi mmetusaidia sana. Bila nyinyi tusingejua kama dawa inafanya kazi."

Nikamuuliza, "Kwani sisi hatuna dawa?"

Akairudisha sindano nyuma. Kisha akasema, "Hamkuambiwa?"

Nikamwambia hatukuambiwa. Akaweka sindano chini akaenda nje. Nilipomfuata alikuwa analia, akanieleza yote. Magwanda yetu ni nguo tu. Kule mlimani hakuna aliyekufa, na waliougua ni wachache. Huku kila hema lina mtu aliyetetemeka.

Nikakaa chini nikaanza kuzikumbuka barua. Mwezi wa tatu nilikuandikia habari ya uzi mweupe. Nilikuandikia hata kwamba mafuta yamerudishwa stoo. Ulijua tangu siku hiyo. Ulijua Mtoro alipokuomba kigwanda cha mtoto. Ulijua nilipokuandikia usijilaumu. Ukaenda ukakaa Msata, mkono wako mkononi mwa mwanamke yule, akakuombea kheri, na ukaipokea.

Usiniambie barua zinasomwa. Ningekutungia maneno mia ambayo afisa asingeyaelewa. Wewe na mimi tulikuwa tukisemezana mbele ya baba kwa macho tu. Ungeandika, "Yunus, paka mafuta, usiulize." Ningepaka. Ningempaka Mtoro kwa nguvu, nimkalie kifuani. Wewe ukachukua onyo lako ukaliweka kinywani mwa mama, ili nikilipuuza iwe nimempuuza mama. Na nililipuuza. Nimemfanya mama yangu kichekesho mbele ya watu kwa maneno ambayo hakuyasema.

Adui tuliyeletwa huku kupigana naye hatujamwona hata uso. Huyu mwingine nilikuwa nampa shikamoo.

Nenda ukamwambie Mwanvita. Kabla sijafika mimi.

Yunus Bwanaheri


Bagamoyo
15 Oktoba 2023

Yunus,

Hukuniamkia, na huna sababu ya kuniamkia.

Niliuliza. Nataka ulijue hilo, si kwa kujitetea. Nilimwandikia Dokta Haidar nikamwambia mmedanganywa, akanijibu nimwachie. Akaniahidi jina la kwanza kwenye ripoti. Nilisoma mstari ule wa jina mara nyingi kuliko ule wa chandarua. Nikajiambia atawaarifu. Kila wiki nikajiambia ameshawaarifu. Sikumuuliza tena kwa sababu nilijua jibu.

Mtoro alipofariki bado ningeweza kusema. Wewe ulikuwa bado umo ndani ya gwanda lile lile. Nilinyamaza kwa sababu kusema ilikuwa ni kusema pia kwamba ningeweza kusema mapema.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa wakubwa wa kituo nikatoa maelezo. Wameunda jopo. Dokta Haidar aliitwa, akasema kwa sauti yake ile ya upole kwamba kazi ya kuwaarifu askari alinikabidhi mimi, na mimi nikaipuuza. Nilimtazama akisema. Alinitazama na yeye, hakupepesa. Barua yake ya kuniambia nimwachie nimeikabidhi kwa jopo. Jopo limetusimamisha wote wawili mpaka litakapomaliza. Nimeambiwa tayari wamewaletea magwanda yenye dawa. Naomba uvae.

Jana nilikwenda Msata. Nilimkuta Mwanvita kwenye banda lake la chai pale stendi, mtoto mgongoni. Akafurahi kuniona. Akanimiminia chai. Nikamwomba tuingie nyuma ya banda, nikamwambia.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mume wangu alikuwa kipimo."

Nikasema, "Ndiyo."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua."

"Na siku ile ya msiba, ulipokaa pale nimekushika, wewe ulikuwa unajua."

Nikasema, "Nilikuwa najua, Mwanvita."

Akamshusha mtoto mgongoni akamweka upande wa pili, mbali na mimi. "Wale waliopewa dawa, walipona?"

"Wengi hata hawakuugua."

"Basi dawa yako nzuri," akasema. Hakuwa ananisifu. "Na kwenye hesabu zenu za kuonyesha kuwa ni nzuri, Mtoro yumo?"

"Yumo."

"Kwa jina?"

Nikamwambia hapana. Majina hayaandikwi.

Akaimwaga chai yangu chini, taratibu, akaosha kikombe, akakitundika. Kuna dereva alikuwa anaita maandazi, akaenda kumhudumia. Nikasubiri nikidhani atarudi. Hakurudi. Nikapanda basi.

Mama bado sijamwambia. Anajua nimesimamishwa, anadhani ni fitina za kazini, na usiku ananiombea dua dhidi ya maadui zangu.

Sijui nikuombe nini. Rudi tu.

Adila


Msata
18 Novemba 2023

Adila,

Barua hii nimempa konda wa basi la Bagamoyo, anamjua kila mtu mtaani kwetu. Simu wameturudishia. Nimeiona yako ikiita mara zote. Siwezi kukusikia sauti, nikikusikia nitakuwa mdogo wako tena na sitaki.

Nimeshuka Msata tangu jana. Sikuweza kupita hapa nikitazama dirishani. Nimelala kwa baba yake Mtoro. Mzee aliniuliza mwanawe alikufaje, nikamweleza sawa sawa, hata pale nilipomdanganya Mtoro kuhusu helikopta. Leo asubuhi nimesaidia kuezeka upya banda la Mwanvita. Hatukuzungumza juu yako. Alisema tu kwamba kati ya wote waliohusika, mmoja alifika mpaka bandani kwake akasema kwa mdomo wake, na kwamba hilo halimpunguzii yeye uchungu.

Magwanda mapya nimevaa mwezi huu wa mwisho. Ni mazuri. Nilikaa kando ya mto ule ule na mbu hawakunigusa. Nilitamani yawe mabaya, Adila. Yangekuwa mabaya ningesema Mtoro angekufa tu.

Jopo likiniita nitakwenda. Nitasema ya Haidar na nitasema ya kwako, sitapunguza upande wowote. Yeye alikuwa mgeni kwetu na alifanya kama wageni wanavyoweza kufanya. Wewe ulinibeba mgongoni nikiwa na surua.

Ijumaa baada ya swala nitakuja nyumbani kumwona mama. Nakuomba usiwepo. Nenda Mapinga, nenda Dar, nenda popote. Lakini kabla hujaondoka, mwambie. Mimi sitamwambia. Nimeshachoka kupokea na kupeleka maneno yaliyowekwa kinywani mwa mtu mwingine.

Wala usijisumbue kunijulisha kama umemwambia. Nikifika mlangoni nitajua mwenyewe, maana kama hujamwambia, mama atanipokea akicheka.

Yunus